Nyundo Inayovaa Soksi Siku ya Dominika

Misa imekwisha, jua limeshakaa sawasawa juu ya barabara kuu, na pale Shelui, kwenye kibanda cha pancha kinachotazamana na maegesho ya malori, Anastazia Kitundu anaivalisha nyundo yake soksi.

Ni soksi ya shule, nyeupe, yenye mistari miwili ya bluu. Anaivuta taratibu mpaka kichwa chote cha nyundo kinazama ndani, kisha anakifunga shingoni kwa utepe wa tyubu kuukuu, kama mama anayemfunga mtoto skafu asubuhi ya baridi. Anaijaribu kiganjani. Anaridhika. Anageukia tairi la lori lililolala chini mbele yake.

Dereva wa lori hilo, Nathan, anayepeleka saruji Kahama, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na anaangalia yote haya huku chai ikimpoa mkononi.

"Samahani dada," anasema. "Hiyo nyundo inasikia baridi?"

"Haisikii baridi, kaka. Inasikia aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ilishawahi kusalisha watu."

Nathan anacheka mpaka chai inamwagikia suruali. Anastazia hacheki. Anainua nyundo na kupiga ubavu wa tairi. Du. Du. Du. Ni sauti ya mtu anayetwanga godoro.

Anastazia ana miaka kumi na saba na anasoma kidato cha tatu. Siku za shule ni mwanafunzi wa kawaida, anayeogopa hesabu na kupenda fizikia kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, "fizikia ni pancha iliyoandikwa ubaoni." Siku zisizo za shule ni msaidizi wa fundi matairi. Madereva wa njia hii wanamwita Stazia Rimu, na wengine, wakiwa na haraka, Rimu tu.

"Fundi bado," anasahihisha. "Mimi ni deiwaka tu, kibarua wa nyundo."

Ili kisa cha soksi kieleweke, ni lazima kuanza na lori moja lililokufa.

Lori hilo liliharibikia jirani na kibanda miaka mingi iliyopita, kabla Anastazia hajazaliwa. Mwenyewe alilisubiri lipone, likagoma, akaamua kuliuza kipande kipande kama nyama ya sikukuu. Mwenye kibanda, Shabani Msengi, akanunua rimu mbili. Moja akailaza chini awe anagongea vyuma na kuvunjia matairi yaliyoganda. Ya pili akawapelekea majirani zake Wakatoliki.

"Walikuwa wanaitana kwa kupiga sufuria," anaeleza Shabani, mzee mwenye kofia ya kufuma na mikono myeusi kwa grisi. "Mimi ni Mwislamu, sikuwa na neno na ibada yao. Lakini ile sufuria ilikuwa inaniumiza masikio. Nikasema, jamani, chukueni rimu tuheshimiane."

Mpaka leo rimu hiyo inaning'inia kwenye nguzo mbili mbele ya kanisa la Kigango cha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, umbali wa kusikilizana kutoka kibandani. Na tangu ianze kuning'inia, mpigaji wake ni mmoja: Gasto Kitundu, mkulima wa alizeti, baba mzazi wa Anastazia.

Gasto si mtu wa makuu, ila kwenye kengele usimguse. Kipande cha nondo anachopigia hakilali kanisani. Kinalala chini ya kitanda chake, kimeviringishwa kwenye kitambaa. Na ana mapigo yake: matatu ya polepole, halafu matatu ya haraka. Ngaa… ngaa… ngaa… nga-nga-nga. Mtu akipiga tofauti na hapo, Gasto anasema huyo anafukuza ndege.

Anastazia aliyasikia mapigo hayo tangu akiwa tumboni. Ndiyo chanzo cha matatizo yote.

Kazi yenyewe aliipata kwa kushangaa. Akitoka shule alikuwa anasimama mbele ya kibanda akiwa na begi mgongoni, anaangalia matairi yanavyovuliwa na kuvishwa. Shabani akavumilia, akavumilia, siku moja uvumilivu ukamwisha.

"Mjukuu wangu, unaniangalia kama mkaguzi. Ama uondoke ama ushike spana."

Akashika spana.

Nyumbani, Gasto alikubali kwa sharti moja tu: Jumamosi sawa, lakini Dominika ni baada ya Misa. Anastazia akaitikia ndiyo baba, na alikuwa na nia njema kabisa. Tatizo ni malori. Lori linalolala Shelui Jumamosi haliamki saa nne. Dereva anaamka kabla ya jogoo, anazunguka gari lake na tochi, analipiga teke tairi moja, anakuta limelala kuliko yeye. Huyo humwambii asubiri wimbo wa mwisho.

Basi Anastazia akaanza kutoka alfajiri. Baba yake anaondoka mapema kwenda kufagia kanisa na kujiandaa na kengele, akiamini binti atakuja na mama yake. Mama yake, Redempta, alijua.

"Mama huwa anajua," anasema Anastazia. "Ila hasemi mpaka aulizwe, na baba hakuuliza."

Kengele ya tatu ikilia ananawa kwa sabuni ya unga, anavuta gauni juu ya suruali ya kazi, anakimbia na kukaa benchi la nyuma kabisa. Bibi Rahabu, ambaye siku zote hukaa mbele yake, aliwahi kuuliza mbona ubani wa siku hizi unanukia dizeli.

Si kwamba binti alikuwa anatajirika. Dominika nzuri humwachia elfu kumi hadi kumi na mbili, mbaya humwachia soda na asante. Kwenye hizo yanatoka madaftari na sare ya mdogo wake, kinachobaki anamtunzia mama. Lakini kilichomtoa kitandani alfajiri kilikuwa kitu kingine. Anataka akimaliza kidato cha nne aende VETA akasomee ufundi wa magari makubwa, na pale Shelui Shabani ndiye fundi pekee aliyekubali kumfundisha binti. Mafundi wengine walimwambia akasuke nywele.

"Kwa mzee Shabani ndipo shule yangu ya pili ilipo," anasema. "Nikifukuzwa pale, sina pengine."

Nafasi hiyo ilikaribia kupotea asubuhi moja ya mwezi wa pili.

Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa, huoni jua limefika wapi. Ilikuwa Dominika ya padri, maana padri huja kigangoni hapo mara moja kwa majuma mawili, na zilizobaki wanasali na katekista. Kengele ya kwanza ilikuwa bado sana. Kibandani lilikuwa limeletwa tairi lililoganda kwenye rimu kwa kutu, na Shabani alikuwa chini ya lori akihangaika na jeki.

"Stazia, hilo tairi lipige mpaka lijute," akasema kutoka chini kule.

Anastazia akaliegemeza kwenye ile rimu ya kugongea. Nyundo ya kwanza ikatelezea mpira, ikapiga chuma. Ya pili nayo. Mkono ukanogewa.

Ngaa… ngaa… ngaa… nga-nga-nga.

"Sikujua kama napiga hivyo," anasema sasa, akifunika uso. "Mkono ulijiendea. Mimi mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kutu."

Nyumbani, Gasto alikuwa ananyoa ndevu. Shavu moja limekwisha, la pili lina povu. Akaisikia kengele yake inalia. Akasimama. Akainama chini ya kitanda, akafungua kitambaa: nondo ipo. Kengele inalia, na nondo ipo mkononi mwake.

"Mama Stazia," akaita kwa sauti ndogo. "Mama Stazia, njoo usikie."

Redempta akasikia. Akajua palepale. Akasema, "Labda ni upepo," akarudi jikoni haraka.

Simu za watu zina saa, ni kweli. Lakini kengele ya Gasto ikishalia, nani tena anaangalia simu? Watu waliruka vitandani wakijua wamechelewa Misa ya padri. Wenye viatu viwili tofauti walikuwepo. Katekista Simeoni alifunga vifungo vya kanzu vikapishana, akafika mbio, akaanzisha rozari ili angalau ionekane wameshaanza. Gasto alipofika na shavu lake moja, alikuta kanisa linajaa na rimu inaning'inia kimya, hakuna aliyeigusa.

"Nani kapiga?" akauliza.

Bibi Rahabu alikuwa ameshapiga magoti nje, palepale kwenye mchanga.

"Imejipiga," akasema. "Malaika."

Watu wakaanza kujiandika ishara ya msalaba. Na ingeishia hapo, leo Shelui ingekuwa na muujiza wake, kama lile tairi lingekuwa limetoka. Halikutoka. Anastazia akapumua, akashika nyundo upya.

Ngaa… ngaa… ngaa… nga-nga-nga.

Vichwa vyote vikageukia barabarani.

Gasto akatangulia, nondo mkononi. Katekista akafuata. Waliokuwa mlangoni wakafuata katekista. Waliokuwa nyuma kabisa, ambao hawakusikia mazungumzo, wakaona watu wanatoka kwa mstari nyuma ya kanzu nyeupe, wakadhani ni maandamano. Wakaanzisha wimbo.

Shabani alichungulia kutoka chini ya lori akaona umati unakuja kibandani ukiimba kwa sauti nne.

"Karibuni jamani," akasema. "Wote hawa mna pancha?"

Anastazia alikuwa amesimama, nyundo juu, grisi mpaka kwenye kope. Wimbo ukazimika mstari kwa mstari, kuanzia mbele.

"Shikamoo baba," akasema.

Gasto hakuitikia. Akaitazama nyundo, akaitazama nondo yake, akaitazama rimu iliyolala chini, pacha wa ile ya kanisani. Mtu mmoja akacheka kwa pua, na hapo umati mzima ukaangua kicheko. Hakuna kilichomuuma Gasto kama kicheko kile. Akageuka na kurudi kanisani peke yake, povu limeshakaukia shavuni.

Padri alipofika kwa pikipiki yake, akakuta kanisa limejaa mpaka madirishani, watu wote wamekaa, wanamsubiri. Akavua kofia ngumu taratibu.

"Kuna msiba?" akamnong'oneza katekista.

Kanisa kujaa kabla padri hajafika ni jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kigango kianze.

Jioni hiyo Gasto alitoa hukumu, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kinyiramba, maana akikasirika sana Kiswahili humwishia. Kwa ufupi: Dominika ni siku ya Bwana, kazi nzito ni marufuku, hivyo ndivyo walivyofundishwa na ndivyo atakavyokufa. Kibandani Dominika basi. Na binti aliyemdanganya baba yake miezi yote hiyo ashukuru kuachiwa Jumamosi.

"Kunidanganya lilikuwa kosa langu," anakiri Anastazia, na kwa mara ya kwanza utani unamtoka. "Niliomba radhi. Lakini mzee Shabani alikuwa ameshaniambia, Dominika ndiyo siku ya malori mengi, na yeye mgongo wake umechoka. Nisipokuja siku hiyo, itabidi atafute mtu wa kuchukua nafasi yangu. Hakusema kwa ubaya."

Shabani akampa mwezi mmoja wa kuyamaliza na baba yake.

Dominika zilizofuata Anastazia alipumzika. Alipumzika kwa kuchota maji bombani, kufua sare, kupeleka mahindi mashineni, kuosha masufuria na kuchambua mboga. Mama yake alipumzika vilevile, kwa kupika, kufagia na kumwogesha mdogo wake Anastazia. Gasto alipumzika kwenye kiti.

"Nilipumzika mpaka mikono ikanitetemeka," anasema binti.

Kisha ikaja Alhamisi ya Jumuiya kusali nyumbani kwao. Baada ya sala, katekista Simeoni akafungua nafasi ya mengineyo, na mengineyo ya siku hiyo kila mtu alikuwa anayajua. Wakaingia kwenye neno moja: nzito. Kazi nzito ni ipi?

Mzee mmoja akasema kuchunga si nzito kwa sababu ng'ombe hajui Dominika. Kijana wa bodaboda akasema yake si nzito, anakaa. Mama muuza vitumbua akasema vyake ni vyepesi, hata unga wenyewe unaumuka. Ilipofika hapo, kazi pekee nzito iliyobaki Shelui nzima ilikuwa nyundo ya Anastazia.

Redempta akainuka. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na ndoo ya maji imejaa, akaitua mbele ya miguu ya katekista.

"Baba katekista, naomba unyanyue. Kichwani."

"Kichwani, mama?"

"Mimi huwa siiweki mfukoni."

Watu wakacheka. Simeoni akajaribu. Ndoo ikafika kifuani, ikayumba, ikamwagika nusu kwenye viatu vyake.

"Ni nzito?" akauliza Redempta.

"Ni… ina uzito kiasi."

"Haya. Hiyo naibeba kila Dominika tangu niolewe, tena si moja, na sijasikia mtu anaandamana kuja kuniimbia. Baba Stazia, sikusemi vibaya mbele za watu. Nakuuliza tu. Amri ya kupumzika imetolewa kwa watu wote au kwa wenye viti?"

Wanaume wote wakagundua ghafla kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa.

Bibi Rahabu akainua mkono. "Mimi nina swali dogo," akasema. "Tangu yule mtoto akatazwe, Misa imerudi kuanza kwa kuchelewa. Siku ile nilifika mapema, nikakaa mbele kabisa, nikamwona padri usoni. Sasa nani atatuamsha?"

Hata Gasto alitabasamu, ila haraka akakohoa ili lisionekane.

Kesho yake, Ijumaa mchana, Gasto alikwenda kibandani mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kuongea kama mzazi, lakini akakuta pamefungwa. Shabani yuko msikitini. Gasto akakaa juu ya tairi kuukuu akisubiri. Lori likaja, likapiga honi, likasubiri, likaondoka. Likaja lingine, nalo vilevile. Shabani aliporudi, jirani yake alikuwa ameshawasikitikia wateja wa watu.

"Jirani, wamepita wawili. Huumii?"

"Naumia sana," akajibu Shabani, akivua kanzu na kuitundika msumarini. "Lakini nikiziba pancha huku adhana inaniita, naziba vibaya. Lori litafika Igunga, litaniharibia jina."

Gasto akaitazama ile rimu iliyolala chini.

"Na huyu wangu je? Anaziba vizuri?"

"Vizuri. Ila Dominika alfajiri alikuwa anaangalia kanisani kila baada ya nati mbili. Nati ya tatu lazima nirudie mimi."

Wakaongea mpaka chai ya kibanda cha jirani ikaisha. Makubaliano yao hayakuandikwa popote. Ijumaa Anastazia akitoka shule anapitia kibandani, kwa hiyo mzee akirudi msikitini anaweza kulaza mgongo huku binti akifungua nati, na malori ya alasiri hayapiti bure. Dominika haonekani pale mpaka Misa iishe, na saa nane mchana anaondoka, hata kama tairi limebaki nusu. Tairi la lori hajazi upepo, Dominika wala siku nyingine. Hiyo ni kazi ya Shabani mwenyewe, tairi likiwa ndani ya kizimba cha nondo, kwa sababu ringi inayobana tairi kwenye rimu ikifyatuka haichagui dhehebu.

Na nyumbani, maji ya Dominika ni ya Gasto.

Siku ya kwanza aliyopita na baiskeli iliyofungwa madumu, vijana wa maegesho walimpokea kwa miluzi.

"Baba Kengele, hiyo si kazi nzito?"

"Nyepesi hii," akajibu bila kusimama. "Ndani kuna maji tu."

Redempta anasema Dominika hiyo alikaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza akiwa hana mboga mkononi. "Kumbe kina mguu mmoja mfupi," anasema. "Miaka yote hiyo hajawahi kuniambia."

Soksi nayo? Soksi ilikuja baada ya makubaliano. Dominika, Misa ikishaisha, watoto wa mafundisho hubaki kanisani na katekista, na hawatoki mpaka kengele igongwe. Siku ya kwanza Anastazia aliporudi kazini, nyundo ikagusa rimu mara chache tu, na watoto wote wakatoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa, katekista nyuma yao na chaki mkononi. Jioni ile Anastazia akatoa soksi yake ya shule. Ya mguu wa kushoto. Ya kulia inamsubiri mwenzake.

Kitu kimoja tu hakikuwa kwenye makubaliano.

Alfajiri ya Dominika iliyofuata, Gasto alimwamsha binti yake. Anastazia akadhani baba amebadili mawazo juu ya maji, akanyoosha mkono kuchukua dumu. Baba yake akamwekea mkononi kitambaa. Ndani yake, nondo.

"Bega linanisumbua," akasema Gasto.

"Baba, jana bega hilo lilibeba gunia la alizeti."

"Gunia si kengele. Twende."

Wakaenda wote wawili gizani. Anastazia akasimama mbele ya rimu ambayo hajawahi kuruhusiwa kuigusa. Akapiga. Matatu ya polepole, matatu ya haraka. Gasto alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mwalimu wa zamu.

"La mwisho umeliharakisha," akasema.

"Ndiyo baba."

"Litafika tu." Kisha, wakati wanarudi, akaongeza bila kumtazama: "Bibi Rahabu atafurahi."

Tangu siku hiyo mpiga kengele wa Dominika ni Anastazia. Alfajiri anapiga rimu moja ili watu waamke, baada ya Misa anapiga pacha wake ili wafike safari. Gasto bado anatunza nondo chini ya kitanda. Hilo halina mjadala.

Kibandani, tairi la Nathan limeshatoka, limezibwa, limerudi. Shabani amejaza upepo. Anastazia anakaza nati ya mwisho kwa kuning'inia kwenye bomba la spana kwa uzito wake wote, ambao si mwingi.

Nathan anamuuliza ataziba pancha mpaka lini.

"Mwakani namaliza shule. VETA Singida, magari makubwa. Baba ameshasema atanisindikiza mwenyewe kuchukua fomu." Anafuta mikono. "Halafu nitarudi hapahapa. Nitafungua gereji yangu upande ule wa pili, mzee Shabani awe anakuja kunikagua. Ijumaa nitamfungulia yeye, Dominika atanifungulia yeye. Na mama nitamnunulia kiti, kisicho na mguu mfupi."

"Na hayo mapigo ya baba yako yakoje? Nisikie."

Anastazia anamgongea kwa nyundo yenye soksi, ubavuni mwa tairi kuukuu. Du… du… du… du-du-du. Nathan anatikisa kichwa akifuata, kama mtu anayejifunza wimbo mpya. Analipa, anaaga, anapanda, anawasha. Lori la saruji linaingia barabarani likiguruma. Anastazia anaangalia jua, anaanza kuivua nyundo soksi. Imetoboka kichwani. Ataishona kesho, leo ni Dominika.

Hapo ndipo Nathan, kwa furaha tu, anaagana na Shelui kwa honi.

Piii… piii… piii… pi-pi-pi!

Mlango wa kanisa unafunguka kwa kishindo. Watoto wanamwagika nje, wengine na viatu mkononi, na nyuma yao anatokea katekista Simeoni, chaki juu, anaitazama barabara, anakitazama kibanda.

Anastazia anainua nyundo kwa mkono mmoja na soksi kwa mkono wa pili, zionekane.

"Baba katekista!" anapiga kelele. "Safari hii si mimi!"